Rilisi ya Mkononi: Kuchagua Kifaa Kinachoachia Mshale Wako

Msimu wangu wa kwanza wa kuwinda kwa upinde, huku Iowa, kulungu dume alikuja akasimama mita 18 kutoka kwenye mti nilipofunga dungu, ubavu wote wazi. Nilikuwa nimefanya mazoezi majira yote ya joto. Pini ya shabaha ilipogusa tu nyuma ya bega lake, kidole changu cha shahada kikabinya triga kwa pupa, bega langu likashtuka, mshale ukaenda chini. Nilipoteremka nilikuta kishungi cha nywele nyeupe juu ya majani yaliyolowa umande, na mshale umechomeka udongoni, mkavu, hauna hata tone la damu. Nilifuata nyayo mpaka giza likaingia ili nijiridhishe kwamba sikumjeruhi. Laiti mshale ule ungepita sentimita tano tu juu zaidi, kulungu yule angeondoka na jeraha la kumuua polepole, na mimi ndiye niliyemtia.

Upinde haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mkono wa kulia, katika namna nilivyouachia mshale. Tangu hapo nimeshika rilisi nyingi, nimenunua chache, na mbili nimezirudisha dukani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji aliye Marekani au Kanada, mwenye leseni na upinde wa kompaundi, ambaye pengine bado anatumia rilisi ya mkanda. Kwa walio nyumbani Afrika Mashariki, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kwa kawaida huwezi kuwinda bila leseni. Haya yatawafaa kwenye shabaha ya mazoezi.

Kwa nini vidole vitupu havitoshi

Rilisi ni kifaa kidogo cha chuma chenye kulabu. Kulabu hushika kitanzi kilichofungwa kwenye ugwe wa upinde, nawe unavuta rilisi badala ya kuvuta ugwe. Wakati ukifika, kulabu inaachia.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, huvuta kwa vidole, na wanalisha familia zao kwa vidole hivyo. Lakini upinde wao ni mrefu, unakaribia kimo cha mtu, kwa hiyo ugwe ukivutwa haujikunji sana. Upinde wa kompaundi ni jamii nyingine. Holless Wilbur Allen wa Missouri aliuombea hataza mwaka 1966 akaipata mwaka 1969, na siku hizi pinde nyingi za kuwindia hazifiki hata mita moja kwa urefu. Ugwe wake ukivutwa hadi mwisho hujikunja kwa pembe kali na kuvibana vidole. Tena vidole vinapoachia huusukuma ugwe pembeni kidogo, na mshale huondoka ukiyumba. Tatizo la vidole si geni: Waturuki, Wamongolia na Wachina walilitatua zamani kwa pete ya kidole gumba, ya mfupa, pembe au jiwe la thamani.

Jambo la pili ni uzito. Magurudumu ya kompaundi hukupa nafuu ukishavuta hadi mwisho. Upinde wa pauni 60 wenye nafuu ya asilimia 80 hukuachia pauni 12 tu za kushikilia, yaani kama kilo tano na nusu. Mzigo huo mdogo unakupa nafasi ya kulenga bila haraka. Rilisi ndiyo itakayoamua kama utaitumia nafasi hiyo au utaitupa.

Kwa nini ya mkononi, na si ya mkanda

Rilisi ya mkanda hufungwa kwenye kifundo cha mkono na kufyatuliwa kwa kidole cha shahada. Ina sifa zake: haidondoki, ni rahisi kujifunza, na bei yake ni ya chini. Kama unapiga vizuri nayo, baki nayo bila wasiwasi.

Shida ni kidole chenyewe. Kidole cha shahada ni chepesi na kitiifu mno kwa jicho. Pini ikigusa shabaha, jicho linasema "sasa!" na kidole kinatii kabla mwili haujawa tayari. Ukiendelea hivyo miezi kadhaa utapata kiherehere cha shabaha: pini inagoma kutulia katikati, au unafyatua ukiwa bado pembeni, na huwezi kujizuia. Nimewaona watu wazima, wapigaji wa miaka mingi, wakitetemeka mbele ya shabaha ya karatasi kwa sababu hiyo.

Rilisi ya mkononi hushikwa kwa vidole vitatu au vinne. Vifundo vya vidole hukaa vizuri kwenye mfupa wa taya, kwa hiyo mkono hupata kituo kilekile kila mara. Kufyatua nako hakuhitaji kuwa kazi ya kidole kimoja. Mgongo unavuta, kiwiko kinarudi nyuma, na mshale unaondoka wakati wewe bado unalenga.

Aina tatu

*Ya kitufe cha kidole gumba.* Ina kijiti kifupi kinachokaa chini ya kidole gumba, na kikisukumwa kulabu inafunguka. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayenunua rilisi ya mkononi kwa mara ya kwanza, na ndiyo ninayopanda nayo mtini. Unavuta ukiwa umeweka kidole gumba nyuma ya kitufe, hivyo hatari ya kufyatuka njiani ni ndogo. Kulungu akigeuka au akijificha nyuma ya mti, unarudisha ugwe taratibu bila hofu. Udhaifu wake ni kwamba nayo yaweza kubinywa kwa pupa usipojifunza.

*Ya bawaba.* Haina kitufe wala triga. Mwili wake huzunguka kidogo kidogo unapovuta kwa mgongo, mpaka kulabu iteleze kwenye ukingo wa kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Baadhi hutoa mlio mdogo, "tak", kukujulisha kwamba umekaribia. Ni mwalimu bora wa subira niliyewahi kumpata. Lakini kulungu anayepita hatua tatu kwenye uwazi kisha anaingia kichakani hakupi muda wa somo. Wapo wanaowinda nayo vizuri; walijifunza kwa miaka.

*Ya mvuto.* Unashikilia kitufe cha usalama unapovuta. Ukishafika mwisho unakiachia, kisha unaendelea kuvuta mpaka nguvu ipite kiwango ulichokipanga, na hapo inafyatuka yenyewe. Kiwango hicho hufuata uzito wa upinde unaoushikilia, kwa hiyo ukibadili upinde au nafuu yake, lazima uipange upya. Kwa anayeugua kiherehere, hii ni tiba nzuri ya mazoezini.

> ONYO
> Rilisi ya bawaba yaweza kufyatuka ukiwa katikati ya kuvuta iwapo utavutia zaidi vidole vya chini. Ngumi yako itakurudia mdomoni, na mshale utaenda usikojua. Vuta kwa kidole cha shahada huku kidole gumba kimeshikilia kijiti chake, na usihamishe uzito kwenda vidole vingine mpaka uwe umefika kwenye kituo. Ya mvuto nayo, ukiamua kurudisha ugwe, bonyeza kwanza kitufe cha usalama. Usijifunze aina hizi mbili kwenye upinde kabla ya kuzizoea kwenye kipande cha kamba kilichofungwa duara, kama nitakavyoeleza hapa chini.

Pima kwa kiganja chako

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Duka moja liliniuzia rilisi ya saizi kubwa kwa sababu ndiyo iliyobaki rafuni. Ilikuwa nzuri, inang'aa, nami nikajiaminisha kwamba mkono utazoea. Haukuzoea. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kinanyooshwa kila nikivuta, mkono unapinda kwenye kifundo, na mishale ikawa inaangukia kushoto wiki baada ya wiki, mimi nikiendelea kuulaumu upinde.

Saizi hazifanani. Ya kati ya kampuni moja yaweza kuwa ndogo ya kampuni nyingine, kwa hiyo herufi iliyo kwenye boksi haitoshi. Carter, Scott, Stan, T.R.U. Ball na Spot-Hogg wote hutengeneza rilisi za kuaminika. Tofauti kubwa kwako itakuwa namna umbo linavyoingia mkononi. Nenda dukani, ufanye hivi:

1. Omba kipande cha kamba imara, au nenda nacho, kilichofungwa kuwa duara. Shika upande mmoja kwa mkono wa upinde, na upande wa pili utie kwenye kulabu.
2. Shika rilisi ili mpini ukae kwenye mikunjo ya katikati ya vidole. Ukikaa kwenye ncha, utateleza. Ukizama ndani ya kiganja, utakunja ngumi.
3. Vuta kwa nguvu ya wastani na uangalie mgongo wa kiganja. Uwe umenyooka na kulegea kutoka kifundo cha mkono hadi vifundo vya vidole. Ukiona mishipa imetutumka na mkono umejikunja, rilisi hiyo haikufai.
4. Angalia vidole. Vikigombania nafasi, ni ndogo. Kidole cha mwisho kikijinyoosha kuifuata, ni kubwa.
5. Weka kidole gumba kwenye kitufe. Kitufe kiguse karibu na kiungo cha kidole, si kwenye ncha. Ncha ni nyepesi na ina haraka kama kidole cha shahada. Kama kitufe hakisogezwi mahali, irudishe rafuni.
6. Fumba macho, vuta, lete mkono usoni. Mfupa wa taya uingie kati ya kifundo cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, bila wewe kutafuta. Fumbua macho, rudia mara tano.
7. Shikilia kwa nusu dakika. Maumivu utakayoyasikia dukani yataongezeka baridini.
8. Vaa glavu zako za kuwindia na uanze tena kutoka hatua ya 2. Wengi huruka hatua hii, nami niliiruka.

Vidole vitatu au vinne? Ya vinne hugawanya mzigo na kusaidia anayevuta upinde mzito. Ya vitatu hukiachia kidole cha mwisho kipumzike, na haijazi mfuko. Baada ya lile kosa la saizi nimebaki na ya vitatu, kwa sababu kidole changu cha mwisho kikipewa kazi huvuta kupita kiasi. Wewe vuta zote mbili kwenye kamba; jibu utalipata mkononi.

Kuhusu madini, za shaba ya njano ni nzito na huufanya mkono utulie. Za alumini ni nyepesi. Zote zinafaa kuwindia. Usilipie shaba kwa ajili ya mng'ao.

Kitu kimoja usikikubali: rilisi isiyo na skrubu ya kurekebisha ugumu wa kitufe. Nyingi za kitufe zilizotengenezwa vizuri huuzwa kati ya dola 150 na 300. Ukinunua iliyotumika, chunguza kulabu kwa kioo cha kukuzia. Kama ukingo umelika au una mkwaruzo, utakata nyuzi za kitanzi, na kitanzi kikikatika umevuta, utaumia.

Kuuzoesha mwili

Msimu wa upinde hapa Iowa hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Nunua rilisi mwezi wa Sita, si wa Tisa. Ukihama kutoka mkanda kwenda mkononi, kituo chako usoni kitabadilika, na pamoja nacho urefu wa mvuto, mahali pa tundu la kulengea lililo kwenye ugwe na sehemu mshale unapopiga.

1. Kaza kitufe. Anza kikiwa kigumu kuliko unavyodhani unahitaji. Kitufe chepesi hufundisha woga, maana unakuwa unaogopa kukigusa.
2. Kamba kwanza, wiki nzima. Funga kamba iwe duara lenye urefu wa mvuto wako. Vuta, tulia kwenye taya, zungushia kitufe kidole gumba kama unavyoshika mpini wa jembe, kisha kiache hapo. Usikisukume. Rudisha kiwiko nyuma taratibu kana kwamba unataka kugusa ukuta ulio nyuma yako. Mkono wote ukivuta, kidole gumba kitakisukuma kitufe chenyewe, na kamba itaruka bila wewe kutarajia. Ule mshtuko mdogo ndio unaoutafuta.
3. Upinde, mita mbili, macho yamefumbwa. Simama karibu na shabaha kubwa kiasi kwamba huwezi kuikosa, na nyuma yake pawe salama. Tia mshale, vuta, hakikisha umeelekea katikati, fumba macho, fanya ulivyofanya kwenye kamba. Mimi hupiga mishale 30 kwa siku, wiki mbili, na kila mwaka narudia. Ukifumba macho unaisikia misuli kati ya mabapa ya mabega ikikaza, na unamsikia pia yule mwenye pupa ndani ya kidole anapotaka kuanza.
4. Mwone fundi wa pinde. Akuangalie ukiwa umevuta. Ukilazimika kuinamisha kichwa ili uone kwenye tundu, tundu lihamishwe. Usikizoeshe kichwa kuinama.
5. Panga pini upya. Anza mita 10, kisha 20, kisha umbali wako wa mwisho. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa sentimita 20 hadi 25. Umbali ambao mishale yako mitano haikusanyiki kwenye sahani ya ukubwa huo si umbali wako wa kuwindia.
6. Fanya mazoezi ya kutopiga. Katika kila mvuto wa tano, rudisha ugwe bila kufyatua, kidole gumba kikiwa nyuma ya kitufe na mshale umeelekea shabaha mpaka mwisho. Msituni utafanya hivi mara nyingi kuliko kupiga.
7. Panda juu. Wiki za mwisho piga ukiwa kwenye dungu, umefunga mkanda wa usalama, umevaa koti na glavu zote.

> USIFYATUE UPINDE MTUPU
> Kompaundi ikifyatuliwa bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye mwili wa upinde. Mikono ya upinde inaweza kupasuka au ugwe kukatika, usoni mwako. Kujaribu rilisi mpya ni kazi ya kamba, siyo ya upinde mtupu.

Msituni

Asubuhi moja ya Novemba, kabla ya mapambazuko, rilisi iliniponyoka juu ya dungu. Niliisikia ikigonga kipago cha ngazi ya chuma, ting, kisha kimya, kisha kulungu niliyekuwa hata sijamwona akakoroma na kukimbia gizani. Udhaifu mkubwa wa rilisi ya mkononi ni huo: haijafungwa popote. Nyingi zina tundu la kupitisha uzi. Nunua kijikamba chembamba, kifunge kwenye kifundo cha mkono, na usikivue mpaka ushuke.

Wengine huining'iniza rilisi kwenye kitanzi cha upinde ili mikono ibaki mifukoni. Nami hufanya hivyo, lakini hakikisha kwanza kwamba kulabu yako hufunga duara kamili. Iliyo wazi itachomoka upepo ukiutikisa upinde.

Baridi ni mtihani wa aina yake. Grisi na mafuta mazito huganda, na kulabu inakuwa nzito kurudi. Tumia kilainishi kikavu, kidogo sana. Rilisi ikilowa kwa mvua, ikaushe usiku huohuo, maana unyevu ulioganda ndani unaweza kuifunga. Kwenye mkono wa rilisi vaa glavu nyembamba, na joto ulitafute kwenye mfuko wa kupashia mikono unaofungwa kiunoni.

Halafu kelele. Rilisi nyingi za kitufe lazima zitegwe kwanza ndipo kulabu ishike, na kutegwa huko hulia. Itege gizani, mara tu unapotulia. Baada ya mshale wa kwanza, itege ukiwa umeifunika kwa kiganja kizima.

Makosa niyaonayo mara kwa mara

Watu hulegeza kitufe kila wakikosa shabaha, mpaka kinafyatuka kwa kuguswa tu. Hubadili rilisi mwezi wa Oktoba kwa sababu jirani ameua na yake. Hununua kwa picha. Hukunja ngumi ili "kuishika vizuri". Na kosa zito kuliko yote: wanaona kiherehere kimeanza, wananyamaza, wanapanda mtini hivyohivyo. Kama huwezi kuituliza pini kwenye karatasi, mwache kulungu apite mwaka huu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

☐ Leseni, na kijitabu cha sheria cha jimbo lako cha mwaka huu. Majimbo hutofautiana kuhusu uzito wa chini wa upinde, vifaa vya umeme na cheti cha mafunzo.
☐ Kitanzi cha ugwe hakina nyuzi zilizochomoza.
☐ Skrubu za rilisi zimekaza. Kulabu inarudi mahali pake bila kukwama.
☐ Kijikamba cha mkononi kimefungwa.
☐ Umevuta mara moja, nyumbani, ukiwa na mavazi yote ya leo, mshale ukielekea shabaha, kisha ukarudisha.
☐ Mkanda wa usalama, na kamba ya kupandishia upinde. Unapopanda, rilisi ikae mfukoni, mikono yote iwe huru.
☐ Rilisi ya akiba, ya aina ileile na saizi ileile, kitufe kimekazwa sawa na ya kwanza. Ipigie mishale kumi kwenye shabaha kabla msimu haujaanza, kwa sababu mbili za boksi moja zinaweza kufyatuka tofauti kidogo, na utakapoihitaji utakuwa mita sita juu ya ardhi, vidole vimekufa ganzi, na kulungu yuko njiani.